Swali la Pili la Bi. Solveig Eyolfson

Wapendwa wa Maktaba ya Sayansi za Afya, kuanzia ghorofa ya chini hadi ya tatu, salamu nyingi. Kwangu hatujambo. Mume wangu Orest anawasalimu; goti lake linamsumbua mvua ikikaribia, ila mdomo wake haujambo kabisa. Mama mkwe wangu Olha, aliyetimiza miaka themanini na tisa mwezi wa tatu, anawasalimu na anauliza kama yule mwanafunzi mwembamba wa udaktari wa meno ameanza kula. Mwanangu Tamara, muuguzi wa kituo cha kaskazini, kule ambako hakuna kufika ila kwa ndege ndogo au, maziwa yakiganda, kwa barabara ya juu ya barafu, anawasalimu kwa simu. Nilimwuliza juzi amekula nini, akasema mkate. Mkate tu! Basi usingizi wangu ukaishia hapo. Mbwa wetu Borys ni mzima. Nami Marlene Hrycak wa usafi, zamu ya alfajiri, ni mzima pia, isipokuwa nina wasiwasi wa mambo mawili: la kwanza ni kuandika haya, la pili ni ile simu ya dawatini, kama itabaki au itang'olewa. La simu nitalifikia.

Salamu kwa mkurugenzi wetu Bi. Fennimore. Salamu kwa mkutubi wetu kijana, Anjali Deol, aliyenisahihishia herufi humu ndani. Salamu kwa mzee Gaston wa mapokezi ya mizigo, na kwa kile kiunzi cha mifupa ya plastiki kilichosimama karibu na lifti, ambacho kila mwezi wa kumi na mbili mtu hukivisha kofia na hakuna anayekiri.

Sasa nianze ninachotakiwa kuandika. Bi. Solveig Eyolfson anastaafu Ijumaa tarehe 28 Juni 2024. Alianza kazi Jumanne tarehe 5 Septemba 1989. Ni miaka thelathini na minne na miezi kumi kasoro siku chache, na katika muda huo amekosa kazini siku kumi na moja tu, saba kwa msiba wa baba yake na nne kwa sababu theluji ilifunika mlango wake na jirani mwenye koleo alikuwa likizoni.

Wasifu wa namna hii huandikwa na wenye shahada. Bi. Solveig alipoulizwa nani amwandikie, alinitaja mimi. Nilimfuata mbio na dekio mkononi.

"Bi. Solveig, umepatwa na nini? Mimi shule niliacha darasa la tisa nikalee wadogo zangu."

"Nani ananiona kila siku kabla sijanywa kahawa?" akasema.

"Mimi."

"Basi. Hao wengine wanamjua mtu aliyekwisha kunywa."

Bi. Solveig ni mtoto wa mvuvi wa Sandvik, upande wa magharibi wa ziwa, ambako watu wana majina marefu na keki yao ya plamu ina tabaka saba, wala usithubutu kusema sita zinatosha. Alikua akitoa samaki kwenye nyavu chini ya barafu, kwa hiyo baridi ya kituo cha basi haimshtui. Baba yake alitaka arithi mashua. Yeye akachukua kozi ya ukutubi, akaja hapa, akakabidhiwa makabati ya kadi, droo mia mbili na arobaini. Kompyuta zilipoingia, alikuwa wa kwanza kuzijifunza na wa mwisho kuzisifu. Alisema kompyuta ni kama binamu yake mmoja: ukimwuliza jambo moja anakupa elfu nne, na la maana limejificha katikati.

Ameandaa kozi za kutafuta makala kwa wauguzi, wafamasia, wakunga na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Ndiye aliyeanzisha kuazimisha masanduku ya mifupa, ili mwanafunzi aende nayo nyumbani akaishike badala ya kuitazama kwenye picha. Ndiye aliyepigania meza ya watu wa nje, ile ya karibu na dirisha, ambapo mtu yeyote wa mjini anaweza kuingia, kukaa na kuuliza kuhusu maradhi yake bila kuonyesha kitambulisho. Na ndiye mwenye simu, nayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Lakini kwanza mifupa, maana Anjali amesema lazima pawe na kichekesho.

Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa navuta vumbi kwa mashine chumba namba tano cha kusomea. Nikasikia kitu kimegonga ndani ya bomba, tiki, kama punje ya mahindi. Sikujali. Nusu saa baadaye akatokea msichana analia hadi kamasi. Sanduku lake la mifupa limepungua mfupa mmoja wa kiganja, ule mdogo kuliko yote, nao mtihani ni saa tano na sanduku lirudi kamili. Nikaelewa. Nilitamani ile mashine inimeze na mimi.

Nilimwambia Bi. Solveig huku nikiwa tayari nimeshavua aproni nimrudishie. Hakunigombeza. Alitandaza magazeti mezani, akaleta chujio la chai, tukaumimina mfuko mzima wa vumbi. Tulipata vibanio vya karatasi tisa, hereni ya profesa mmoja nisiyemtaja, na vitu viwili vya mviringo, vya kijivu, vinafanana kama pacha.

"Kimoja ni mfupa," akasema Bi. Solveig, "kimoja ni njegere ya mtu."

"Tutajuaje?"

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Cha kwanza kikasagika. Yule msichana alipiga kelele nusu avunje kioo, maana alidhani nimeusaga mfupa. Leo ni daktari wa mikono huko magharibi, na kila mwaka hutuletea kadi yenye picha ya njegere.

Mwaka mwingine, mwezi wa kwanza, baridi ya thelathini na nane chini ya sifuri, bomba lilipasuka kwenye dari ya ghorofa ya chini. Majarida ya moyo yakaloa kama nguo. Sisi wa usafi tukakimbilia feni na vipasha joto. Bi. Solveig akaja na buti zake za kuvulia samaki akapiga kelele, "Zimeni! Yatoeni nje!"

"Nje? Kwenye hii baridi?"

"Ndiyo, yagande! Yakigandishwa hayaoti ukungu, tutayakausha baadaye pole pole. Haraka, Gaston, usiyakumbatie!"

Nilidhani maji yamemwingia kichwani. Tulipanga mlolongo, tukayatoa hadi ubaraza wa kupakulia mizigo, na ndani ya saa moja yalikuwa magumu kama matofali. Kaka yake akaleta lori la barafu la samaki, yakakaa humo wiki tatu. Hakuna hata moja lililooza. Ila hadi leo ukilifungua jarida la mwaka 1994, moyo unanuka samaki.

Hizo ni hadithi za kucheka. Sasa niseme jambo analolifanya kuliko mwingine yeyote, maana watu wengi humu wamefanyiwa bila kujua.

Bi. Solveig hajibu swali la kwanza. Anasikiliza, anatikisa kichwa, halafu anauliza, "Na ukishajua, utafanya nini?" Hilo tunaliita swali la pili. Anasema swali la kwanza ni koti tu la mtu, na mtu mwenyewe yumo ndani.

Kuna daktari wa upasuaji mmoja, wa wale wanaotembea kama korido ni ya baba yao, alikuja anapiga dawati kwa kidole.

"Nataka makala zote kuhusu gegedu la goti. Zote. Nina dakika kumi."

"Sawa, daktari. Na ukishazipata, utafanya nini?"

"Nitazisoma, nini tena!"

"Zipo elfu kumi na moja."

Akavuta kiti. Baada ya dakika tano ikajulikana kwamba anataka kujua jambo moja: kama mgonjwa wake, mcheza magongo wa miaka kumi na sita, anaweza kungoja miezi sita bila kisu. Makala tatu zilimtosha. Kuanzia siku ile akija huvuta kiti kwanza.

Na kulikuwa na mkulima mmoja, kofia ya trekta mkononi, alikaa kwenye meza ya dirisha akaomba kitabu cha mikono inayotetemeka. Nilikuwa nafuta kioo hapo karibu. Bi. Solveig akamwuliza swali lake. Yule baba akageuza kofia, akaigeuza tena, akasema, "Nataka kujua niwaambieje wanangu." Kumbe ugonjwa alikuwa ameshaambiwa na daktari. Bi. Solveig hakumletea kitabu cha mikono. Alimletea kijitabu chembamba kilichoandikwa na wagonjwa wenyewe, akakaa naye mpaka alipovaa kofia. Nilifuta kile kioo mara nne.

Sasa simu.

Pale dawatini kuna simu ya zamani, rangi ya maziwa, yenye waya. Namba yake ilibandikwa ukutani katika vituo vyote vya wauguzi vya kaskazini tangu mwaka 1991. Muuguzi akikwama, anapiga, anaeleza, Bi. Solveig anatafuta na kutuma kurasa, zamani kwa faksi, siku hizi kwa kompyuta ikiwa mtandao wao haujalala. Daima husema, "Mimi si daktari, mimi ni mchukuzi wa kurasa." Lakini kule mtu mmoja anatibu watu mia nane na daktari anakuja kwa ndege mara mbili kwa mwezi, kama ukungu umeruhusu. Kule, mwenye kurasa ni kama ana mwenzake wa kushauriana naye.

Tamara wangu alipopangiwa huko miaka sita iliyopita, nilikuwa mgonjwa wa simu ile, kila ikilia nadhani ni yeye. Mimi huingia saa kumi na moja na nusu asubuhi, dawati hufunguliwa saa mbili. Katikati hapo, ikilia, hailii kwa ajili yangu. Sheria ni wazi. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, saa kumi na mbili na dakika ishirini, ikalia. Nikaiacha. Ikalia tena. Nikaona mwanangu amelala kwenye theluji. Nikatupa dekio.

"Tamara! Umevaa soksi za sufu?"

Kisha sauti nzito ya mwanamume: "Mimi si Tamara, mama. Lakini ndiyo, nimevaa."

Alikuwa Bwana Ambrose, muuguzi mkuu wa kituo chake. Nilitaka ardhi ipasuke. Akacheka, akasema Tamara amelala, mzima, amekula supu. Mungu ambariki kwa ile supu. Halafu akasema alitaka mkutubi, ana mgonjwa wa kidole. Nikamwambia mkutubi hajafika, ni hadi saa mbili, lakini mimi nina kalamu.

Sikuwa na karatasi ila ya kupokelea maboksi ya karatasi za chooni. Nikageuza nyuma nikaandika. Na kwa kuwa sijui kuuliza kidaktari, niliuliza kama ninavyomwuliza mtoto aliyerudi nyumbani na jeraha. Tangu lini? Alikuwa anafanya nini? Nani anampikia? Nini kinamwuma zaidi, kidole au moyo?

Bi. Solveig alifika saa mbili na robo, basi lilikwama daraja la kaskazini, nyusi zimeganda. Nilikuwa nimesimama dawatini na karatasi yangu kama mwizi. Nikakiri kila kitu, hata soksi. Akachukua karatasi, akasoma kwa sauti:

"Mzee Alphonse, miaka sitini na nane. Kidole cha pete kina vinundu, wiki saba. Dawa mbili hazikufaa. Husafisha samaki bila glavu, alichomwa na mwiba wa samaki kabla ya Krismasi. Mkewe amemkasirikia kuhusu glavu. Hupiga fidla kwenye harusi zote. Wanataka kumpeleka mjini, anaogopa watakikata, hataki kupanda ndege." Akanitazama. "Marlene."

"Nisamehe, Bi. Solveig, sitaishika tena."

"Mkono upi?"

"Eh?"

"Umeandika mpaka hasira za mkewe. Kidole ni cha mkono upi? Mpiga fidla hubonyeza nyuzi kwa kushoto."

Sikuwa nimeuliza. "Basi mpigie," akasema, akanisukumia simu. Nikapiga. Ulikuwa wa kushoto.

Bi. Solveig hakuvua hata koti. Alisema huko Sandvik aliwahi kuona kidole kama hicho kwa jirani yao, lakini alichowahi kuona si kurasa, ngoja atafute. Akatafuta. Kabla ya saa nne alikuwa ametuma makala nne kuhusu kijidudu cha majini kinachowaingia wanaoshika samaki. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na neno lenyewe: kijidudu hicho hakioti kwenye joto la kawaida la maabara, kinataka ubaridi kidogo, kwa hiyo usipoiambia maabara mapema, majibu yatarudi hakuna kitu. Bwana Ambrose akaongea na daktari wake, wakachukua kipande cha kinundu cha kupeleka maabara, wakaandika habari ya ubaridi kwa herufi kubwa kwenye chupa. Kijidudu kikaota. Mzee Alphonse alimeza dawa miezi mitano, kwa malalamiko mengi, na kidole hakikukatwa.

Mwaka uliofuata likaja sanduku kwa ndege, limeandikwa "Maktaba". Samaki wa moshi, kilo sita. Gaston aliliweka karibu na kipasha joto. Chumba cha kusomea kilikuwa kitupu siku mbili, na majarida ya moyo yakapata wenzake. Juu ya samaki palikuwa na karatasi: "Mwambieni yule mama wa soksi kwamba sasa navaa glavu."

Tangu siku ile Bi. Solveig alinunua daftari jekundu, akaliweka karibu na simu, akanifundisha. Nani anauliza. Anaona nini kwa macho yake, si anadhani nini. Ana muda gani kabla hajaamua. Na mwisho, swali la pili. Nikikosea tahajia alisema si neno, kompyuta nayo inakosea na inalipwa zaidi. Maswali ya kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi yakawa yangu kuyaandika, na yeye akija ayakute. Tumejaza madaftari kumi na tisa.

Mwezi wa pili mwaka huu ukaja waraka. Kwamba kuanzia tarehe mosi Julai simu ya dawatini itaondolewa, na maswali yote yatumwe kwa fomu ya kompyuta. Simlaumu aliyeuandika, ukiwa mjini fomu ni kitu kizuri. Lakini Tamara aliniambia, "Mama, mwezi uliopita mtandao ulilala siku tisa. Simu haikulala hata moja." Sikula chakula cha mchana siku hiyo, nami si mtu wa kuacha chakula.

Bi. Solveig hakupayuka. Alingoja mkutano wa mwezi wa tano, ule wa kumpangia sherehe, watu wanabishana keki au pirohi, yale madonge ya unga ya kuchemsha yenye viazi ndani. Akaingia anasukuma toroli la vitabu. Juu yake madaftari yote kumi na tisa. Mimi nilikuwa naleta birika la kahawa, ndiyo maana nilisikia.

"Sherehe baadaye," akasema. "Bi. Fennimore, simu ikishaondoka, utafanya nini?"

Bi. Fennimore ni mtu wa haki. Hakukasirika. Alichukua daftari moja, akasoma, akachukua jingine. Watu wakaanza kukohoa. Mwishowe akasema, "Solveig, mimi sina mtu. Wewe unaondoka. Anjali anaanza saa mbili. Hizi simu nyingi ni za alfajiri. Nani atapokea?"

"Huyo mwenye birika."

Nusu niliangushe.

"Marlene ni wa usafi," mtu mmoja akasema, si kwa ubaya.

"Basi tazama mwandiko," akasema Bi. Solveig. "Madaftari kumi na tano kati ya hayo ni yake. Mimi nilitafuta tu. Yeye ndiye aliyeuliza."

Watu ishirini wakageuka kunitazama mimi na birika langu. Mtu angalau aseme chukueni kahawa! Nikasema mwenyewe, "Chukueni kahawa, inapoa." Wakacheka, nikapona.

Jumanne iliyopita Bi. Fennimore aliniita, akanipa barua. Anjali ameisoma nami mara mbili ili nisielewe vibaya. Simu inabaki kwa majaribio. Mimi nitaandika kuanzia saa kumi na mbili, na muda huo umeingizwa kwenye kazi yangu kihalali, Anjali atatafuta kuanzia saa mbili. Lakini mwisho wa mwezi wa kumi na mbili watahesabu simu zilizoingia. Zikiwa chache, waya unang'olewa. Ndiyo hiyo habari ya simu, na ndiyo inayonikosesha usingizi pamoja na ule mkate wa Tamara.

Nilimwambia Bi. Solveig ninaogopa. Je, akipiga mtu na swali kubwa, nami sijui hata jina la ugonjwa? Alikuwa anapakia kikombe chake na lile chujio la chai.

"Marlene, kwa miaka sita umewahi kujua jina la ugonjwa?"

"Hapana."

"Basi endelea hivyo hivyo."

Bi. Solveig anarudi Sandvik, kwenye nyumba ya baba yake, akaishi na kaka yake mwenye lori. Anasema atalala hadi saa moja asubuhi, jambo ambalo siliamini. Anatuachia masanduku ya mifupa yaliyo kamili, meza ya dirisha yenye kiti kipya, wanafunzi wasio na hesabu, na daftari la ishirini, jekundu, tupu. Sherehe ni siku hiyo hiyo ya Ijumaa, saa nane mchana, chumba cha kusomea. Kutakuwa na keki ya tabaka saba. Mama mkwe amekwisha kukanda unga wa pirohi, za viazi na jibini, mia tatu. Yule mwembamba wa meno aje, anasubiriwa.

Bi. Solveig, sasa naongea nawe. Asante kwa chujio la chai siku ile ya vumbi. Asante kwa kutoniuliza vyeti. Asante kwa mwanangu, ambaye anapokwama huko juu kwenye barafu hajakwama peke yake. Maktaba nzima inakuombea siku ndefu zenye kiti kizuri na dirisha, ziwa tulivu, na miguu yenye joto. Kaka yako asikuache uvute nyavu, umri umekwenda.

Na ukifika, usituandikie barua, barua haihesabiwi. Piga simu. Namba unayo. Piga Jumatatu, tarehe mosi, saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa nimesimama pale, na dekio nimeliegemeza ukutani. Nami nitakuuliza nani anauliza, anaona nini kwa macho yake, na kama umevaa soksi za sufu, kisha nitayaandika yote kwenye mstari wa kwanza wa daftari jipya. Nawe mwambie kaka yako apige Jumanne, na jirani yako Jumatano. Upesi, Bi. Solveig. Usiniache ninaitazama tu hiyo simu.